Hisa za mwajiri katika akiba ya uzeeni: kabla ya kuhamisha zote, ulizeni zilinunuliwa kwa bei gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu makala ya ushauri wa fedha iliyowaelekeza wasomaji wenu wanaofanya kazi Marekani namna ya kushughulikia akiba zao za 401(k), yaani mpango wa akiba ya uzeeni unaopitia kwa mwajiri, wanapostaafu au kuacha kazi. Makala hiyo iliandikwa kwa uangalifu, na mengi yaliyomo ni sahihi. Iliyonishikisha kalamu ni sentensi moja tu, ile inayosema kwamba njia salama kwa kila mtu ni kuhamishia salio lote kwenye akaunti binafsi ya uzeeni, yaani IRA, kwa kuwa uhamisho huo hautozwi kodi. Ni kweli hautozwi kodi siku hiyo. Lakini kwa mfanyakazi ambaye ndani ya mpango wake mna hisa za kampuni iliyomwajiri, sentensi hiyo inaweza kumgharimu maelfu ya dola, na hisa zikishaingia IRA hakuna mlango wa kuzirudisha zilikotoka.

Nasema hivyo kwa sababu mimi imenigharimu. Nilifanya kazi miaka 26 katika ofisi ya hesabu ya kiwanda kimoja ambacho kilikuwa kikichangia akiba zetu kwa hisa zake badala ya fedha taslimu. Siku ya kustaafu nilizungumza kwa simu na ofisa wa kampuni iliyosimamia mpango wetu. Alikuwa mpole, akanisomea maelezo aliyowekewa mbele yake, kisha akaniuliza kama ningependa njia iliyo rahisi, nami nikaitikia. Hisa ziliuzwa, salio lote likahamia IRA, nikashukuru. Miaka miwili baadaye alistaafu mwenzangu ambaye tulikaa naye chumba kimoja kazini, akaniletea fomu yake ya 1099-R, ambayo ndiyo taarifa ya malipo yanayotoka kwenye mipango ya uzeeni, akitaka nimfafanulie tarakimu iliyoandikwa kwenye kisanduku namba 6. Mimi niliyekula mkate wangu kwa tarakimu sikujua maana yake. Nilipokwenda kuisoma sheria ndipo nilipoelewa kwa nini kisanduku hicho hicho kwenye fomu yangu kilikuwa kitupu.

Tarakimu ile ni ongezeko la thamani la hisa za mwajiri ambalo bado halijauzwa. Sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani, katika kifungu cha 402(e)(4), inazitenga hisa hizi na mali nyingine zote zilizomo ndani ya mpango wa kazini. Kwa kawaida kila dola inayotoka kwenye 401(k) iliyochangiwa kabla ya kodi huhesabiwa kuwa mapato ya kawaida, sawasawa na mshahara, iwe ilitokana na mchango wa mfanyakazi, mchango wa mwajiri au faida ya uwekezaji wa miaka thelathini. Hisa za mwajiri zinaweza kupita njia nyingine, mradi zitolewe zikiwa hisa, bila kuuzwa kwanza, na kuingizwa kwenye akaunti ya kawaida ya dalali wa hisa. Zikitolewa hivyo, kinachotozwa kodi ya mapato ya kawaida mwaka huo ni ile bei ambayo mpango ulizinunulia au kuzipokelea. Ongezeko lililopatikana tangu siku hizo hadi siku ya kutolewa halitozwi kitu mpaka mwenyewe auze, na akiuza hutozwa kodi ya faida ya mtaji ya muda mrefu, yaani faida ya kuuza mali kwa bei inayozidi ile ya kununulia, ambayo viwango vyake ni asilimia 0, 15 au 20, wakati mapato ya kawaida hufika asilimia 37.

Tuchukue mfano. Mstaafu ana hisa zenye thamani ya dola 200,000 sokoni leo, ambazo mpango wake ulizinunua kidogo kidogo kwa jumla ya dola 40,000. Akizitoa kama hisa, mapato yake ya mwaka yanaongezeka kwa dola 40,000 tu, na kama yumo kwenye daraja la kodi la asilimia 24 sehemu hiyo italipiwa kodi ya dola 9,600. Dola 160,000 zilizobaki zinangoja. Atakapoziuza kwa kiwango cha asilimia 15 atalipa dola 24,000, na jumla ya kodi yake yote itakuwa dola 33,600. Akihamishia IRA, mwaka huo hadaiwi hata senti, ila kila atakachokichota huko baadaye ni mapato ya kawaida, na kwa daraja lile lile dola 200,000 zitadaiwa dola 48,000. Tofauti ni dola 14,400, na huyo ni mtu yule yule mwenye hisa zile zile, aliyefanya kazi miaka ile ile.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya wataalamu hulikosea. Ongezeko lililopatikana ndani ya mpango huhesabiwa kuwa la muda mrefu hata kama mtu ameziuza hisa siku iliyofuata baada ya kuzipokea. Halazimiki kungoja mwaka mmoja. Kinachotegemea muda ni nyongeza itakayotokea baada ya hisa kutoka kwenye mpango: ikiwa zimepanda zaidi na mtu akauza kabla ya kupita mwaka mmoja, sehemu hiyo mpya ndiyo itakayotozwa kama faida ya muda mfupi, kwa viwango vya mapato ya kawaida. Nimekutana na wastaafu walioambiwa washikilie hisa zao miezi kumi na miwili ili wapate nafuu ya kodi ambayo tayari ilikuwa mikononi mwao, huku bei ikiporomoka wakiitazama.

Masharti ya kupita njia hii ni magumu, na ndiyo yanayowaangusha wengi ambao wamekwisha kusikia habari zake. Malipo lazima yawe ya mkupuo, maana yake salio lote la mtu katika mipango yote ya aina hiyo ya mwajiri huyo litoke ndani ya mwaka mmoja wa kodi. Mkupuo huo nao lazima ufuate tukio mojawapo kati ya machache yaliyotajwa na sheria, ambayo kwa mwajiriwa ni kuacha kazi, kutimiza umri wa miaka 59 na nusu, au kifo. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi kwa kawaida huisha tarehe 31 Desemba, na kalenda haimsubiri mtu. Anayeanza shughuli hii mwezi Novemba anacheza na moto, kwa sababu karatasi moja ikichelewa, salio halitakuwa limetoka lote ndani ya mwaka huo.

Mtego mkubwa zaidi ni malipo madogo yanayotangulia. Mtu anaacha kazi akiwa na miaka 57, mwaka huo huo anachota dola 5,000 za kulipia paa la nyumba, na salio analiacha litulie. Mwaka unaofuata anasoma habari za hisa za mwajiri, anaomba zitolewe zote kwa mkupuo, na anaambiwa kwamba nafasi iliyofunguliwa na kule kuacha kazi imekwisha kuharibika, kwa kuwa salio lililokuwapo halikutoka lote katika mwaka mmoja. Itambidi angoje tukio jingine, yaani atimize miaka 59 na nusu, na asichote kitu mpaka atakapokuwa tayari kutoa chote. Mstaafu aliyekwisha kuanza kupokea malipo ya lazima ya kila mwaka, ambayo siku hizi huanza katika umri wa miaka 73, anaweza kukuta amejifungia mlango vivyo hivyo bila hata kukusudia.

Kutoa salio lote, hata hivyo, hakumaanishi kulipia kodi salio lote. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu neno mkupuo huwatisha watu. Fedha taslimu na mifuko ya uwekezaji iliyomo ndani ya mpango inaweza kuhamishiwa IRA kama makala yenu ilivyoshauri, na hisa peke yake zikaenda kwa dalali. Hata hisa zenyewe zinaweza kugawanywa. Pale ambapo mpango umetunza kumbukumbu ya kila fungu la hisa na bei yake, mstaafu anaweza kuyatoa mafungu ya zamani yaliyonunuliwa kwa bei ndogo, na yale ya karibuni, ambayo ongezeko lake ni dogo, akayahamishia IRA. Mipango mingine haina kumbukumbu hiyo, ina bei moja ya wastani kwa hisa zote. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza msimamizi, kabla ya kuuliza lolote kuhusu fomu, ni hili: hisa zangu zilinunuliwa kwa bei gani, na mnayo orodha ya mafungu yake? Ofisa aliyenihudumia hakulitaja, nami sikumuuliza, na sijui ningelimlaumu kwa lipi maana kazi yake haikuwa kunishauri.

Umri nao una neno lake. Anayetoa kabla ya kufikia miaka 59 na nusu hutozwa adhabu ya asilimia 10, isipokuwa kama aliacha kazi katika mwaka aliotimiza miaka 55 au baadaye, au kama anaangukia katika misamaha mingine michache. Lakini adhabu hiyo hukatwa kwenye kiasi kinachohesabiwa kuwa mapato mwaka huo, ambacho ni ile bei ya ununuzi, na ongezeko haliguswi. Katika mfano wetu adhabu ingekuwa dola 4,000. Inauma, lakini haiwezi kuufuta ule unafuu wa dola 14,400, na wapo watu waliokimbilia IRA kwa kuiogopa bila kuipigia hesabu.

Sasa niseme upande wa pili, maana sitaki barua yangu ifanye kosa la makala ninayoijibu kwa kumwelekeza kila mtu njia moja. Faida ya njia hii inategemea umbali uliopo kati ya bei ya ununuzi na bei ya leo. Kama hisa zile za dola 200,000 zilinunuliwa kwa dola 150,000, mstaafu atalipa dola 36,000 mara moja kwa daraja la asilimia 24, kisha dola 7,500 atakapouza, jumla dola 43,500. Unafuu wa dola 4,500 mbele ya IRA ni mdogo mno kwa mtu anayetakiwa kutoa dola 36,000 leo kwa kodi ambayo angeweza kuiahirisha miaka mingi. Tena dola 150,000 zikiongezwa juu ya mapato ya mwaka mmoja zinaweza kumsukuma kwenye daraja la juu zaidi, na hata huo unafuu ukayeyuka.

Vilevile kuna wastaafu ambao mapato yao yatashuka sana. Aliyekuwa daraja la asilimia 24 akiwa kazini, akaishi uzeeni katika daraja la asilimia 12 na kuchota IRA yake polepole kwa miaka mingi, atazilipia zile dola 200,000 kodi ya dola 24,000, ambazo ni pungufu ya dola 33,600 tulizozipata hapo juu. Hesabu hii ndiyo inayotolewa mara nyingi dhidi ya watu wa mawazo yangu, na ni pingamizi la haki. Jibu langu ni kwamba mstaafu huyo huyo wa kipato kidogo anaweza pia kuuza hisa zake kidogo kidogo na kutozwa faida ya mtaji kwa asilimia 0, kwa kuwa kiwango hicho, kwa mwaka 2025, kiliwahusu watu wasio na ndoa ambao mapato yao yanayotozwa kodi hayakuzidi dola 48,350, na wanandoa waliowasilisha hesabu pamoja ambao mapato yao hayakuzidi dola 96,700. Nani atashinda kati ya njia hizo mbili, hilo haliamuliwi na kanuni ya jumla. Linaamuliwa na tarakimu za mtu mwenyewe, zikiwamo kodi za jimbo analoishi, kwani California, kwa mfano, haitofautishi faida ya mtaji na mapato mengine.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ya hatari. Wapo wanaosema kwamba unafuu huu wa kodi ni chambo kinachomfanya mfanyakazi aning'inize mshahara wake na uzee wake kwenye kamba moja. Hoja hii siwezi kuipuuza. Hisa za Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, zilivuka dola 90 mwezi Agosti 2000, na kampuni iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi tarehe 2 Desemba 2001, hisa ikiwa haifiki hata dola moja. Zaidi ya nusu ya mali iliyokuwa ndani ya mpango wa 401(k) wa wafanyakazi wake ilikuwa hisa za Enron yenyewe, na zile zilizochangwa na mwajiri hazikuweza kuuzwa mpaka mfanyakazi atimize miaka 50. Watu walipoteza kazi na akiba kwa pigo moja. Mpango wa pensheni ya jadi, ambao mwajiri ndiye anayeahidi kiwango cha mafao, hauruhusiwi na sheria ya mwaka 1974 kuweka zaidi ya asilimia 10 ya mali yake kwenye hisa za mwajiri. Mipango ya 401(k) kwa kawaida haikubanwa na kikomo hicho. Kilichobadilika baada ya Enron ni sheria ya mwaka 2006, iliyompa mfanyakazi wa kampuni yenye hisa zinazouzwa sokoni haki ya kuziuza wakati wowote hisa alizonunua kwa mchango wake, na zile za mwajiri baada ya miaka mitatu ya utumishi, ingawa mipango mingi ya kuwamilikisha wafanyakazi hisa, ile inayojitegemea bila kuunganishwa na 401(k), haikuguswa.

Kwa hiyo anayebaki na hisa zake miaka kumi zaidi kwa ajili ya nafuu ya kodi peke yake anafanya biashara mbaya. Ni kweli kwamba kuziuza ndani ya mpango na kununua mfuko wa uwekezaji hakutozwi kodi wakati huo, na ni kweli pia kwamba ukishafanya hivyo unafuu wa ongezeko kwa hisa hizo umekwenda. Mtu mwenye miaka 40 ambaye theluthi mbili ya akiba yake ni hisa za mwajiri, mimi ningemwambia auze nyingi na aachane na kodi. Barua yangu inamhusu yule ambaye tayari amefika mlangoni, ambaye hisa anazo na kazi ameiacha, na sasa anaulizwa kwenye simu kama angependa njia rahisi. Huyo hatari amekwisha kuibeba. Kumnyima sasa na malipo yake, kwa sababu tu hakuna aliyemwambia, ni kumdhulumu mara mbili.

Warithi nao wametajwa vibaya katika mazungumzo ya mambo haya. Nimesikia ikisemwa kwamba mzee akifa na hisa alizokwisha kuzitoa, watoto wanazirithi kwa bei ya siku ya kifo na kodi yote inafutika. Sivyo. Kwa mali nyingi sheria ya Marekani huipandisha bei ya msingi, ile inayotumika kupigia hesabu ya faida, hadi thamani ya siku ya kifo, lakini lile ongezeko lililopatikana ndani ya mpango halipati nafuu hiyo, na warithi watalilipia kodi ya faida ya mtaji watakapouza. Inayofutika ni nyongeza iliyotokea baada ya hisa kutolewa. Hata hivyo warithi hao wako katika hali nzuri kuliko wanaorithi IRA, kwa sababu tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019 wengi wa warithi ambao si mume wala mke wanalazimika kuimaliza IRA waliyoirithi ndani ya miaka 10, na kila wanachokitoa kinajumlishwa na mishahara yao. Na mzee akifa hisa zikiwa bado ndani ya mpango, kifo chenyewe ni tukio linalowafungulia warithi njia ya mkupuo. Wajane wengi huhamisha kila kitu wiki chache baada ya mazishi, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili ya kusoma fomu.

Naiomba basi safu yenu ya fedha irekebishe sentensi ile, na irekebishe mapema, kabla ya miezi ya mwisho wa mwaka ambapo watu wengi hustaafu. Maneno ya kuongeza ni machache: kwamba ushauri wa kuhamisha salio lote hauhusu hisa za mwajiri mpaka mstaafu awe amepata kwa maandishi bei ya ununuzi ya hisa hizo na amepiga hesabu ya njia zote mbili, akiwa na mtaalamu wa kodi ambaye hapati kamisheni kwenye akaunti itakayofunguliwa. Naomba pia iongezwe kwamba msimamizi wa mpango aambiwe waziwazi kuwa hisa zitolewe zikiwa hisa, kwa sababu mpango mwingine usipoambiwa huziuza na kutuma fedha, na fedha haziwezi kurudishwa zikawa hisa. Hisa zikitolewa kwa usahihi, kisanduku namba 6 cha fomu ya 1099-R kitaonyesha ongezeko lake. Kikija kitupu, mstaafu apige simu siku hiyo hiyo.

Wenu,
Mhasibu mstaafu, Marekani